Tahadhari: Mashamba Yanayouzwa Pamoja na "Makaa Yake" Jirani na Ngaka

Natoa tahadhari kwa yeyote anayeshawishiwa kununua shamba katika maeneo ya makaa ya mawe mkoani Ruvuma, hasa jirani na mgodi wa Ngaka, kutoka kwa familia moja inayojitambulisha kuwa ya wachimbaji wa siku nyingi. Siitaji kwa jina, kwa kuwa malalamiko yako polisi na uchunguzi haujakamilika.

Mnunuzi hupelekwa kuona malori yakipakia makaa, akakumbushwa jinsi bei ilivyopanda mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine kuanza na shehena zikawa zinasafirishwa kwa wingi kupitia bandari ya Mtwara (hilo ni kweli, na ndiyo maana maneno yanayofuata huaminika upesi), kisha huahidiwa kwamba shamba atakalonunua litampa makaa yaliyo chini yake pamoja na fidia nono mgodi utakapopanuka.

Makaa hayo si yao kuyauza. Madini yote ni mali ya Jamhuri ya Muungano, na haki ya kuyachimba hutolewa kwa leseni chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, wala haifuatani na hati ya mauziano ya shamba. Karatasi wanayoitembeza ni nakala ya leseni ya utafiti (ya kutafuta madini, si ya kuyachimba), yenye jina la kampuni ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuthibitisha uhusiano wake nayo. Ofisi ya Afisa Madini Mkazi inaweza kukueleza eneo husika lina leseni gani na ni ya nani. Muuzaji anayekuzuia usifike huko amekwisha kujieleza.

Kuhusu fidia, ni kweli kwamba mmiliki halali wa ardhi hulipwa anapopisha uchimbaji, ila wauzaji hawa husema kana kwamba fedha ziko mlangoni. Wananchi wa Ludewa waliotakiwa kupisha miradi ya makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, ambayo mkataba wake ulisainiwa mwaka 2011, walianza kulipwa mwaka 2023. Zaidi ya hayo, asiye mmiliki halali hana cha kudai, na hapo ndipo wanunuzi wengi watakapokwama.

Sehemu kubwa ya mashamba hayo ni ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ilhali hati wanazotoa zina muhuri na saini ya mtu mmoja tu, bila muhtasari wa kikao chochote. Jambo baya zaidi ni kwamba mashamba yalikuwa ya baba yao marehemu, hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na ndugu wawili wamekwisha kumuuzia kila mmoja mteja wake eneo lile lile.

Aliyelipa awamu ya kwanza asimalizie iliyobaki, hata akitishiwa kwamba shamba litapewa mwingine. Atunze stakabadhi na ujumbe wa malipo ya simu, aombe kwa maandishi muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji kilichoidhinisha mauzo, na asipoupata apeleke vielelezo hivyo polisi.