Pakiti ya matumbawe mapole kwa tangi dogo, imesafiri Dar mpaka Mbeya: matano safi, moja mkorofi

Wakuu naanza na hukumu kabisa ili asiye na muda aondoke nayo: pakiti, yani vipande sita vya matumbawe hai ya kufuga kwenye akwariamu ya maji ya chumvi, naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Usafirishaji poa, afya ya vipande poa sana, ila uchaguzi wa matumbawe yenyewe ndo una maneno, maana vitano kati ya sita ni vya kuchukua bila hata kujiuliza halafu cha sita ni mkorofi kapandishwa basi moja na watu wa amani. Na pakiti imeandikwa kabisa kwamba ni matumbawe mapole kwa tangi dogo. Duka lipo Dar, jina silitaji, sina ugomvi nao.

Tangi langu ni lita 30, urefu sentimita 40, lipo sebuleni hapa Forest. Najua huku Mbeya mtu akisema ana akwariamu wengi tunawaza mbuna wa Ziwa Nyasa, samaki wa jirani kabisa, unawawekea mawe na maji ya bomba uliyoyatoa klorini maisha yanaenda. Matumbawe ni habari nyingine. Unahitaji maji ya RO, yani yaliyochujwa mpaka karibu hayana madini, unachanganya na chumvi maalum ya akwariamu mpaka ifike gramu 35 kwa kila kilo ya maji, yani kipimo cha uzito wa maji ya chumvi kinasoma kama 1.025 hivi, joto nyuzi 24 mpaka 26, na tangi liwe limeshakaa wiki nne, sita hivi likiwa na mawe tu ili bakteria wa kula amonia wazaliane kabla hujaingiza kiumbe chochote. Chumvi ya mezani usijaribu, haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha wala alkalini (kinga ya maji dhidi ya asidi) inayotakiwa.

Sasa kwanini nasisitiza udogo. Kwenye lita 30 ikipotea lita moja tu kwa mvuke, chumvi haipotei nayo, inabaki, hivo unatoka 35 unafika 36 na ushee bila kugusa kitu. Kwenye tangi la lita 300 lita moja wala usingejua. Na hapa kwetu kuanzia Mei mpaka Oktoba hewa inakuwa kavu ile ya kupasua midomo, maji yanapanda hewani kila siku, so kila asubuhi naongeza maji baridi ya RO yasiyo na chumvi mpaka kwenye mstari niliochora kwa maka peni kwenye kioo. Tumbawe ambalo halivumilii kuyumba kidogo kwenye tangi la hivi halikai, hata uwe fundi vipi. Ndo maana ukiona picha za akropora zile za matawi ya zambarau na bluu ukatamani, tamani tu, yale yanataka mwanga mkali na maji yasiyoyumba kabisa.

Usafirishaji. Walipakia jioni, basi la usiku, asubuhi napokea Nane Nane. Wasiwasi wangu ulikuwa baridi ya Mafinga na Makambako, kule usiku wa Juni mtu mwenyewe anavaa koti mbili, itakuwa kifuko cha maji nusu lita. Wamefunga vizuri aisee: kila kipande kwenye mifuko miwili, mifuko ndani ya boksi la foamu, pembeni chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa magazeti na boksi limepigwa gundi pande zote. Maji nilipopima yalikuwa nyuzi 21, imeshuka lakini sio mbaya. Nilizima taa ya tangi, nikaelesha mifuko mpaka joto likalingana, nikawa nadondoshea maji ya tangi taratibu, halafu kila kipande kikapita kwenye dawa ya kuogeshea kabla ya kuingia. Maji ya mfuko hayaingii kwenye tangi, yanamwagwa. Kwenye kigingi cha kipande kimoja, yani kile kijikalio tumbawe linapobandikwa, kulikuwa na aiptasia, kile kidude kama kijianemone cha rangi ya chai, nyota nusu nimekata hapo hapo. Ukikiona usikiponde, kila kipande kinachobaki kinaota kipya. Mi nilibandua tumbawe nikaligundisha kwenye jiwe jingine, kigingi kikaenda kwenye ndoo ya taka.

Tuje kwenye vipande.

Zoa, nyota tano. Hivi ni vijiua vidogo vimekaa kwa kundi, katikati kijani, ukingo chungwa, mchana vimefunguka, taa ikizimwa vinajifunga. Mwanga wa wastani, mkondo wa maji wa wastani, chakula karibu vyote wanatengenezewa na mwani unaoishi ndani ya miili yao. Vinaongezeka taratibu, ukiona vinasogea jiwe la jirani unahamisha jiwe, basi. Ila sikiliza hapa kwa makini: baadhi ya zoa na hasa ndugu zao palithoa wana sumu inaitwa palitoksini, ni kati ya sumu kali kabisa zinazojulikana kwa viumbe. Kuvitazama hakuna shida, kuvigusa kwa glavu hakuna shida, lakini usivikwangue kwa kisu ukiwa huna miwani, na jiwe lenye zoa USILICHEMSHE kwa sababu yoyote ile, mvuke wake umeshapeleka familia nzima hospitali huko nje. Pakiti haikuwa na onyo lolote kuhusu hili na hapo ndo nusu nyota nyingine ilipopotea. Una watoto nyumbani, muuzaji anatakiwa akwambie.

Mashrumu, Discosoma jekundu, nyota tano na kama kungekuwa na sita ningetoa. Hili ndo tumbawe la mtu wa huku juu. Halitaki mwanga mkali, halitaki mkondo mkali, liweke chini kabisa kivulini kwenye mchanga au jiwe la pembeni lisahau. Linakula maji machafu kidogo, yani naitreti (mabaki ya uchafu majini) ya miligramu 5 mpaka 10 kwa lita linaifurahia. Likitaka kuzaa linasogea na kuacha kipande cha nyayo yake nyuma, kinakuwa mtoto. Kitu cha kujua tu lisipopenda mahali linajibandua linaelea mpaka lipate pake, so ziba mdomo wa pampu kwa sponji lisije likasagwa. Na uwe makini wakati wa kununua, usipewe sikio la tembo ukaambiwa ni mashrumu tu, lile linakuwa kubwa na linajikunja kama mfuko linameza samaki mdogo.

Nyota za kijani, lile zulia la zambarau lenye vijinyasi vya kijani vinavyocheza na maji. Nyota nne. Haliumi mtu. Ila linatambaa. Linatambaa juu ya jiwe, juu ya kioo, juu ya pampu, na likikuta tumbawe jingine limekaa linalifunika tu. Mi nimelipa jiwe lake peke yake katikati ya mchanga, halina daraja la kuvukia, likifika ukingoni linakatwa. Kuna wanaolibandika kioo cha nyuma likawa pazia, inapendeza kwa kweli.

Mti wa Kenya, nyota tatu na nusu, na hapana sio kwa sababu ya jina, majirani zetu hawana kosa. Ni laini, unapepea vizuri, unavumilia karibu kila kitu, shida unadondosha vijitawi vyenyewe kila vinapotua vinaota, kwenye lita 30 baada ya muda una msitu. Unafaa kwa mtu anayependa kugawa marafiki.

Pipi, Caulastraea, vichwa vitatu kijani mbichi, nyota tano. Hili lina mifupa ya chokaa kwa hiyo ni gumu kidogo kulifuga kuliko wenzake, linataka kalsiamu karibu miligramu 420 kwa lita na alkalini isiyoruka ruka, lakini kwa tangi dogo ukibadilisha maji asilimia 10 kila wiki kwa chumvi nzuri unakuwa umeshalirudishia ilichokula, huhitaji machupa ya madini ya kudondoshea. Usiku linatoa vijimikono vifupi, ukilipa kipande cha uduvi mdogo linakamata mbele ya macho yako. Mikono ni mifupi, linahitaji nafasi kidogo tu na jirani. Wageni wote wakija wanauliza hili, mashrumu wangu hakuna anayemuuliza, inaniuma.

Haya, hamma. Euphyllia. Ni zuri, sibishi, vile vidole vyenye ncha kama nyundo vinavyoyumba ndo vimeuza hobi hii dunia nzima. Na sio gumu sana kulitunza. Lakini mpole??? Usiku hili linatoa mikono mirefu ya kuchoma, inaweza kufika sentimita 10 na zaidi, na tangi ni sentimita 40! Uliweke katikati linafika pote, uliweke kona mkondo wa maji unaipeleka mikono kwa jirani. Niliposoma orodha tu nikamwomba rafiki yangu wa Iringa mwenye tangi kubwa alichukue, sasa hivi liko Gangilonga linakula maisha peke yake upande mmoja wa jiwe.

Hapa ndo naona wauzaji wengi wanachanganya. Wanaangalia kama tumbawe ni rahisi kulifuga wanadhani litaelewana na wenzake, na hivyo ni vitu viwili kabisa. Matumbawe yanapigana kwa njia tatu. Kuna ya kuchoma kama hamma, ndugu yake anayeitwa tochi, na baba lao tumbawe la galaxea ambalo mikono yake ni mirefu balaa, hilo usilitie tangi dogo hata ukipewa bure. Kuna ya kutambaa na kufunika, nyota za kijani na zenia, zenia ile inayofumba na kufumbua kama mkono, mizuri lakini inazaana mpaka unaichukia na siku nyingine inayeyuka yote ghafla inachafua maji. Halafu kuna vita isiyoonekana, matumbawe ya ngozi kama Sarcophyton yanamwaga kemikali majini za kuwazuia wengine wasikue, kwenye bahari inapotea, kwenye lita 30 inazunguka humo humo. Ukiwa nalo weka kaboni (mkaa maalum wa kunyonya kemikali) kwenye chujio na uibadilishe, au achana nalo maana pia linakuwa kubwa kama sahani. Mkorofi wa kutambaa unamtengea jiwe, wa kemikali unamwekea kaboni, wa kuchoma kwenye tangi dogo huna pa kumpeleka.

Kuhusu mazingira yetu. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, oksijeni inayoyeyuka majini ni pungufu kuliko Dar, so elekeza pampu ivuruge uso wa maji, sio kukoroga chini tu. Hita lazima, na ukiwa Uyole au Tukuyu lazima mara mbili. Umeme ukikatika usiku wa Julai maji lita 30 yanapoa haraka, mi nina kipampu cha hewa cha betri na blanketi la kufunika tangi, na matumbawe yale matano yamepita humo bila kulalamika, yanajifunga, umeme ukirudi kesho yake yamefunguka. Taa nayo usinunue kubwa ya kujionyesha, haya laini mwanga mkali unayaunguza.

La mwisho, karatasi. Matumbawe ya mifupa kama pipi na hamma yapo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, yakivuka mpaka yanatakiwa kibali, uliza kabla hujalipa. Hawa walinionyesha, na vipande ni vya kukatwa kutoka matumbawe yaliyokuzwa kwenye matangi. Mtu akikwambia ana ya bei chee katoa Mafia au Mnazi Bay, ile ni hifadhi ya bahari ndugu yangu, usimpe hela.

Nimewapigia kuwaambia hamma waiuze peke yake na nafasi yake waweke tumbawe la dankani, lina kichwa kikubwa cha kupendeza na mikono yake haifiki kwa jirani. Dada wa pale akasema atalifikisha kwa bosi. Wakibadilisha na wakaweka karatasi ya onyo la zoa narudi hapa naongeza nyota, na mtu wa Mbeya anayejua wapi wanachaji madumu ya RO karibu na Mwanjelwa aseme, ya kununua dukani kwa chupa yananimaliza.