Jiko la kuni la kubeba kwa majira ya baridi: lipi ununue kwanza

Majiko mengi madogo ya kuni husifiwa kwa mambo yenye maana zaidi wakati wa joto: wepesi, moshi kidogo, kuni chache. Kwenye theluji hesabu ni nyingine. Kuyeyusha kilo moja ya theluji iliyo nyuzi 0 za Selsiasi kunahitaji kilojuli 334 hivi, na kuyachemsha maji yake kunahitaji 418 nyingine. Yaani moto unakaribia kuwa maradufu hata kabla chakula hakijaingia sufuriani. Kwa hiyo nimeyapanga majiko haya kwa kuangalia mambo mawili kwanza: tumbo lake linabeba kuni kiasi gani, na je, unaweza kuchochea bila kuinua sufuria? Uzito unafuata nyuma.

Nafasi ya kwanza nalipa jiko la mabamba linalokunjwa kama kisanduku, lenye mlango mpana pembeni. Chukua lenye upana wa sentimita 13 hadi 15. Yale madogo zaidi yanaingia mfukoni vizuri, lakini utashinda ukikatakata vijiti na kuyeyusha theluji hutamaliza. Mlango wa pembeni ndio roho ya jiko hili: unaingiza kijiti kirefu, kinaungua nchani, unakisukuma polepole huku sufuria imetulia juu. Kuta zake huzuia upepo, na mdomo wake hukupasha mikono, jambo ambalo kwenye baridi kali si dogo hata kidogo.

Dukani, lipe jiko hilo mtihani wa glavu: likunjue na ulikunje ukiwa umevaa glavu nene. Lenye bawaba hufunguka mara moja. Lenye mabamba yanayochomekana ni jepesi, ila bamba moja likidondoka kwenye theluji laini, kulipata ni kazi, na kushika chuma kilichoganda kwa vidole vitupu kunaumiza. Kuhusu madini yenyewe, titani ina uzito wa zaidi kidogo ya nusu ya ule wa chuma kwa ujazo uleule, lakini bamba lake likiwa jembamba hupinda kwa moto na baadaye hukataa kuingia mahali pake. Kama hutembei mwendo mrefu, chuma kisichoshika kutu kinatosha na kinakaa miaka. Hakikisha pia lina sakafu ya kupokea majivu. Makaa yakidondoka kwenye theluji yanazimika, na moto unapoteza nguvu zake chini kwa chini.

La pili ni jiko la roketi, lile lenye njia ya moto iliyopinda kama kiwiko, lililobuniwa na Larry Winiarski miaka ya 1980. Kwa upishi mtupu ningeliweka juu ya yote. Kinga ya joto inayozunguka njia ya moto huufanya moto uwe mkali na moshi uwe mchache, na vijiti vyembamba vinatosha kuchemsha sufuria kubwa. Tatizo ni uzito wa kilo kadhaa. Linunue ikiwa unafika kwa gari au unavuta sleji, kile kigari cha kuburuta thelujini. Ikiwa mzigo ni wa mgongoni, achana nalo.

Jiko lenye dohani la kuwekwa ndani ya hema nimelipa nafasi ya tatu, kwa sababu ukilinunua unakuwa umenunua na hema. Linahitaji hema lililotengenezwa kwa ajili yake, lenye tundu la dohani lisiloshika moto, kizuia cheche na njia ya hewa. Mtu anayelala nje usiku baada ya usiku asome orodha hii kuanzia hapa, kwani hakuna jingine litakalomkausha soksi na kumpikia kwa pamoja. Majiko mengine yote ya orodha hii yanabaki nje ya hema, hata mvua ya theluji ikianguka. Monoksidi ya kaboni, gesi inayotoka kwenye moto, haina harufu na inaua.

Jiko la kuta mbili linalochoma moshi wake lenyewe liko nafasi ya nne, na najua wengi watashangaa. Hewa hupanda kati ya kuta, hupata joto, kisha hutokea kwenye matundu ya juu na kuwasha moshi kabla haujatoroka. Ni ufundi wa kupendeza. Lakini mengi hujazwa kutoka juu kwa vipande vya urefu wa kidole, tena vikavu, na kwenye kazi ndefu ya kuyeyusha theluji moto unakwisha kabla ya maji. Kwa kikombe kimoja cha chai, sawa.

Birika lenye dohani katikati linashika mkia. Huchemsha maji haraka sana, ila halipaswi kuwashwa likiwa tupu, na kushindilia theluji kwenye mdomo wake mwembamba kunachosha. Lifikirie tu kama karibu yako kuna mto usioganda.

Lolote utakalochagua, tafuta na kibao au magogo mawili ya kuliweka juu, maana joto litayeyusha theluji chini yake na sufuria itapinduka. Weka maji kidogo sufuriani kabla ya theluji, la sivyo chini itaungua. Na kama fedha zimebaki, usinunue jiko la bei zaidi, nunua msumeno wa kukunja. Matawi yaliyokufa yakiwa bado yamesimama mtini, ukiyakata na kuyapasua, mara nyingi moyo wake ni mkavu hata ganda likiwa na barafu. Kuni zilizolala chini ya theluji waachie wenyewe.