TAHADHARI: Jamaa anayeuza vipokea sarafu "vipya" Mtwara na Lindi, msimpe hela

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi mlio na mashine za kamari za kutumbukiza sarafu nyumbani, ziwe bonanza za zamani za Marekani, za Kijapani au haya madubwi ya Kichina, naomba msome hadi mwisho. Kuna jamaa anapita mtaa kwa mtaa akijitambulisha kuwa fundi wa mashine hizo. Ameshapita Shangani, Chikongola na Mikindani, na upande wa Lindi amefika Mtanda na Mitwero. Akija kwako usimlipe, usimpe kifaa chochote aondoke nacho, na usimwache peke yake na mashine ikiwa imefunguliwa. Jina lake silitaji hapa, hilo ni la polisi. Ninachotaka mkijue ni mchezo wake.

Mimi ni fundi wa redio na runinga. Akishaondoka yeye, mashine zinaletwa kwangu, kwa hiyo nimeona alichokifanya ndani.

Anakuja pale mashine inaposumbua kidogo: inatema sarafu, au inaandika hitilafu na kugoma mpaka uizime. Anafungua mlango, anachokonoachokonoa, kisha anatoa hukumu kwamba kipokea sarafu, yaani kile kifaa kinachoikagua sarafu unayotumbukiza, kimekufa. Bahati nzuri, anasema, anacho kipya kimetoka Dar. Bei inategemea sura ya mwenye nyumba, laki na nusu hadi laki mbili na zaidi, na cha zamani anaondoka nacho "akakitupe".

Sasa sikilizeni. Vipokea sarafu vingi vya mashine za Marekani hufanya kazi kwa kulinganisha. Ndani kuna sarafu moja ya mfano imebanwa kati ya koili, yaani nyaya zilizoviringishwa. Sarafu unayotumbukiza ikipita, kifaa kinapima kama ukubwa wake na madini yake vinaoana na ile ya mfano. Vikioana, kigeti kinafunguka na mashine inahesabu. Visipooana, sarafu inarudishwa chini. Ukiichomoa ile ya mfano, au ukiisogeza ikae upande, mashine itakataa kila sarafu hata kama kifaa ni kizima kabisa. Na hicho ndicho anachofanya akikutuma ukamletee maji ya kunywa. Mama mmoja wa Shangani aliniletea mashine aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ilikuwa ikisumbua mara mojamoja, lakini baada ya huyu bwana kuigusa ikagoma moja kwa moja. Nilipofungua, pale pa kubania sarafu ya mfano palikuwa patupu. Nikabana sarafu inayofanana na zile anazotumia mama huyo, mashine ikapokea palepale. Mama wa watu alikuwa ameshatuma laki ya malipo ya awali.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hicho "kipya" anachokuuzia kimetoka kwa jirani yako. Kila kifaa kinachopita mezani kwangu nakitia doa la rangi ya kucha nyekundu kwa nyuma, karibu na soketi ya waya. Kifaa nilichomsafishia mzee mmoja wa Mtanda nimekikuta Chikongola, ndani ya mashine ya kijana aliyekinunua laki na themanini, kikiwa kimebandikwa stika inayong'aa. Doa langu lipo vilevile. Mzee aliambiwa ni chakavu, akakitoa bure, na juu yake akalipa hela ya kingine.

Kabla hujamwita mtu yeyote, chomoa mashine kwenye umeme ufungue mlango mwenyewe. Pwani yetu hii hewa ina chumvi, na chumvi ikichanganyika na vumbi na uchafu wa sarafu inafanya utando kwenye njia ya sarafu. Sarafu inakwenda taratibu, inapita kwenye sensa za mwanga kwa kuchelewa, na mashine inadhani imekwama au kuna mtu anaivuta kwa uzi, ndipo inaandika hitilafu. Chukua pamba na spiriti, pangusa njia yote na yale macho madogo ya sensa, acha pakauke. Usipake mafuta wala grisi, vumbi litanasa maradufu. Chomoa soketi ya waya na kuirudisha, maana pini zikishika kutu ya kijani umeme haupiti sawasawa. Mwenye mita, akisharudisha umeme, apime: vingi vya aina hii vinataka volti 12, na visipozipata vinarudisha sarafu zote. Nyingi ya mashine zinazofika kwangu zinapona hapohapo kwenye usafi.

Za Kijapani ni habari nyingine. Zimetengenezwa kwa tokeni, yaani sarafu maalumu za kuchezea, za milimita 25, na njia yake inachuja kwa ukubwa. Hata robo dola ya Marekani, yenye milimita 24.26, inaangukia chini. Huko hakuna kilichokufa, ni sarafu isiyo yake. Halafu huyu bwana anawaambia watu wachomeke mashine ya Japani moja kwa moja ukutani! Japani wanatumia volti 100, sisi 230. Bila transfoma ya kushusha unaiunguza, naye anarudi kukuuzia bodi.

Za Kichina nyingi zinafundishwa sarafu kwanza, yaani unapitisha sarafu kadhaa ili kifaa kiikariri, na pembeni zina swichi ndogo yenye NO (kawaida iko wazi) na NC (kawaida imefungwa). Ikigeuzwa upande usio wake, mashine inaona kama sarafu imekwama muda wote. Piga picha ilivyokaa kabla mtu hajaigusa.

Wengi wamenyamaza kwa sababu anawatisha: ukinishtaki, utakamatwa wewe kwa kuwa na mashine ya kamari. Ni kweli, ukiiweka dukani watu wachezee hela, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inataka leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kucheza. Lakini utapeli ni kosa la aliyetapeli, na yeye hana mamlaka ya kumkamata mtu. Msimwogope.

Msimu wa korosho ndio huu, hela zipo mikononi, na naye anazidisha mizunguko. Mliokwisha kumlipa, msifute meseji za miamala. Nendeni nazo kituo cha polisi kilicho karibu, na zile meseji zake za kudai hela pamoja na namba yake zitumeni kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Aliyeuziwa kifaa chenye doa jekundu nyuma aje nacho kwangu Chikongola, maana wenyewe nawajua.