Saundibaa chini ya skrini: miezi mitatu ya kusikiliza

Projekta yangu ina spika moja ya wati 5, na yenyewe hukaa nyuma ya kochi. Mwigizaji anaongea mbele, sauti inanijia kisogoni. Nikanunua saundibaa, yaani spika ndefu ya mlalo, ya chaneli 3.1 (kushoto, katikati na kulia, na hiyo .1 ni sabufa, spika ya besi au sauti nzito), nikaiweka chini ya skrini.

Kilichonikosha ni spika ya katikati. Maneno mengi ya waigizaji hupitia humo, kwa hiyo hata mtu akinong'ona katikati ya mvua namsikia bila kukimbilia rimoti. Mama, ambaye masikio yake yamechoka, siku hizi haniulizi tena, "Kasemaje huyo?" Kwangu hilo peke yake linatosha.

Ila Bluetooth achaneni nayo. Nilianza nayo, nikawa naona midomo imeshafunga ndipo neno linafika. Sasa waya wa HDMI, unaobeba picha na sauti pamoja, unatoka kwenye kisanduku kinachocheza filamu hadi kwenye saundibaa, wa pili unapeleka picha kwenye projekta. Mlango ukibamizwa, nasikia palepale.

Sabufa nayo ilinisumbua. Nilipoibana kwenye kona, besi ilivimba ikameza maneno. Nilipoisogeza hatua mbili kutoka ukutani, ikatulia. Zulia na pazia zito, ambavyo tayari vilikuwamo nyumbani, vinasaidia kupunguza mwangwi.

Kasoro ni rimoti: vitufe havina taa, na filamu tunatazama gizani. Nimebandika kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi kwenye kitufe cha sauti ili kidole kikijue.