Kupima oili ya mashine maabara: uzoefu wangu kiwanda cha mkonge, Tanga

Nasimamia karakana ya kiwanda cha mkonge mkoani Tanga, na siku hizi tunapeleka sampuli za oili kupimwa maabara Dar es Salaam. Mafundi wenzangu huniuliza kama si pesa ya kutupa. Kwa mashine kubwa, si ya kutupa. Kwa ndogo, ni ya kutupa kabisa.

Anayeijua korona, ile mashine yenye ngoma ya kukwangua majani ya mkonge, anajua shida yake. Ukiponda jani la mkonge, singa (nyuzi za mkonge) unayopata ni karibu asilimia 4 tu ya uzito. Kinachobaki ni maji, utomvu na makapi, na bado tunamwagia maji mengine ya kuoshea. Gia boksi iko pembeni hapo inaloweshwa zamu nzima. Zamani tulikuwa tunamwaga oili kwa kalenda, iwe nzima iwe mbovu.

Ripoti ya kwanza ya korona ndiyo iliyonishawishi. Tunatumia oili ya gia ya ISO VG 220, ambayo unene wake kwenye nyuzijoto 40 unatakiwa uwe kati ya sentistoki 198 na 242. Yetu ilikuwa humo humo, na kwenye dipustiki sikuona kasoro. Lakini maji yalizidi sehemu 1,000 kwa milioni, na chuma kilikuwa juu, dalili kwamba vyuma vya ndani vinalika. Silikoni ilikuwa chini, maana yake vumbi halikuingia. Basi tukaanza kutafuta maji yanapopitia. Sili ya shafti upande wa ngoma ilikuwa imechanika mdomo, na kipumulio (tundu la hewa la gia boksi) kilitazamana na bomba la kuoshea. Tungemwaga oili tu kama kawaida, hata hiyo mpya ingeingia maji vile vile.

Kwenye jenereta mambo yalikuwa kinyume: silikoni na aluminiamu zilipanda pamoja. Hilo ni vumbi la udongo. Hosi ya filta ya hewa ilikuwa imelegea klipu.

Ukitaka majibu ya maana, kuwa makini unapochota. Usichote kwenye nati ya kumwagia, pale chini hukusanyika maji na uchafu wote. Chota oili ikiwa ya moto, sehemu ile ile kila mara, kwa pampu ya mkono yenye mpira mpya. Chupa iwe safi na kavu; ya maji ya kunywa haifai hata uipanguse vipi. Andika saa za mashine na saa za oili yenyewe, kwa sababu chuma kile kile kwenye oili ya saa 200 na ya saa 2,000 ni habari mbili tofauti. Mtunza stoo wetu aliguna alipoona chupa zinapandishwa basi: "Siku hizi oili nayo inasafiri?"

Malalamiko ninayo. Majibu yalichelewa huku korona inatembea, na ripoti ilikuja na tarakimu tupu, hakuna maelezo ya kumsaidia fundi. Nilipiga simu kuuliza shaba na bati zikipanda pamoja niangalie wapi (bushi za bronzi), hilo lingeandikwa kwa mstari mmoja tu. Tena hakuna aliyetuambia mapema kwamba kipimo cha metali hakioni vizuri chembe zinazozidi maikroni 10 hivi. Beringi inaweza kuwa inabanduka vipande na ripoti ikaja safi. Omba waongeze kipimo cha PQ, kile cha kupima chembe za chuma kwa sumaku.

Kama wasiwasi wako ni maji tu, anza hapo hapo karakanani: vaa miwani, dondosha tone kwenye bati la moto wa nyuzijoto 160 hivi. Likichachatika kama kitunguu kwenye kikaango, maji yapo. Kiasi gani, ndiyo utaiuliza maabara.

Sasa tunapeleka oili za korona na jenereta peke yake. Gia boksi za mikanda ya majani zinaingia lita chache tu, hizo bado tunazimwaga kwa kalenda, maana oili yake ni rahisi kuliko kipimo.