Mikoko ya Gazi na palahala wa Shimba Hills kwa siku moja kutoka Nairobi: tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Nairobi haina mkoko hata mmoja, wala palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda. Vyote viwili viko Kwale, kusini mwa Mombasa, na treni ya usiku ya SGR, reli ya kisasa, ndiyo inayomwezesha mtu kutoka kazini Ijumaa, ashinde Jumamosi kati ya Shimba Hills na Gazi, na Jumapili kabla ya mapambazuko awe amerudi Syokimau, kituo cha SGR cha Nairobi. Ukiinunua kwa wakala au ukiipanga mwenyewe, safari ni ileile: mchana mmoja kamili, na kulala kitini mara mbili. Ikipangwa vizuri ni miongoni mwa safari bora za siku moja zinazopatikana kwa mkazi wa jiji. Ikipangwa ovyo inaharibika kabisa, na karibu kila mara sababu ni moja kati ya mbili: tiketi ya kurudi, au maji ya bahari.

Tuanze na maji, kwa kuwa ndiyo mawakala wengi wa Nairobi wasiyoyaangalia. Msitu wa mikoko una sura mbili kwa siku. Maji yakikupwa unaona tope, mizizi na kaa; yakijaa unaona miti imesimama ndani ya bahari na samaki wakipita chini ya mbao unazokanyaga. Kwenye pwani yetu, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndizo za bamvua: maji hukupwa sana mnamo saa 4 asubuhi na kujaa sana mnamo saa 10 alasiri. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiwa nusu mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi, alasiri yanakupwa, na kwa kuwa ni maji mafu hata yanapojaa hayapandi mbali.

Sasa linganisha na ratiba. Asubuhi lazima uwe Shimba Hills, maana wanyama hawasubiri jua kali. Gazi inabaki alasiri. Kwa hiyo Jumamosi inayofaa ni ile inayoangukia siku ya mwezi mpevu au mwandamo, au siku moja hadi tatu baada yake. Ukiingia mikokoni saa 8 mchana siku kama hiyo unakuta tope bado liko wazi, kisha maji yanaanza kuingia taratibu kupitia vijito, na ukitoka umeziona sura zote mbili bila kuhama. Jumamosi za namna hii hazizidi mbili au tatu kwa mwezi. Nyingine zote si za kutupwa, ila huenda ukaona sura moja tu, na ni haki yako kuambiwa hivyo kabla ya kulipa. Muulize wakala swali moja tu: siku hiyo maji yanajaa saa ngapi Gazi? Asiyeweza kujibu hajaipanga safari. Amekodi gari tu.

Treni huondoka Nairobi saa 4 usiku, na ile ya kurudi huondoka Miritini, kituo cha Mombasa, saa 4 usiku vilevile. Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwa upande mmoja, na daraja la kwanza 4,500, tangu zilipopandishwa mwanzoni mwa 2024. Behewa la kawaida lina viti 118 vilivyopangwa watatu upande huu na wawili upande ule, vikitazamana, hivyo magoti yako na ya mwenzako yatajuana usiku mzima. Daraja la kwanza ni viti 72, wawili kwa wawili. Ushauri wetu: nenda kwa daraja la kawaida, rudi kwa daraja la kwanza. Wakati wa kwenda mwili una nguvu na hamu ya safari inakubeba. Wakati wa kurudi umetembea kutwa juani, na hiyo tofauti ya shilingi 3,000 utaithamini kila dakika. Beba sweta au leso nzito, kwa maana kipoza hewa hakipungui usiku. Na usijidanganye kuwa utaona ndovu wa Tsavo dirishani. Usiku kuna giza na sura yako kwenye kioo, basi. Anayewataka wale apande treni ya saa 2 asubuhi siku nyingine.

Kata tiketi zote mbili kwa mara moja. Kosa la kawaida ni kununua ya kwenda, kisha kutafuta ya kurudi ukiwa pwani. Mwisho wa juma, hasa shule zikifungwa, Pasaka na Desemba, hupati. Jina na nambari ya kitambulisho kwenye tiketi vilingane na kitambulisho ulichobeba, kwa hiyo tiketi ya rafiki aliyeghairi haikusaidii. Fika kituoni saa nzima kabla, kwa maana mizigo hunuswa na mbwa kisha hupitishwa kwenye mashine, na foleni ya Ijumaa ni ndefu. Usibebe pombe wala kisu cha kumenyea matunda.

Unashuka Miritini kabla ya alfajiri, na hapa ndipo mipango mingi hulegea. Teksi za kituoni saa hiyo hujitajia bei zitakavyo. Panga gari mapema na dereva wa Mombasa au Ukunda, na umwambie kwa kinywa wazi apite Dongo Kundu. Barabara hiyo inatoka karibu na Miritini hadi Kusini mwa Pwani bila kugusa kivuko cha Likoni. Alfajiri tofauti si kubwa, lakini jioni, wakati wa kurudi, Likoni inaweza kukumeza saa nzima na treni ikakuacha. Gari liwe la magurudumu manne yanayovuta. Barabara za ndani ya Shimba Hills ni za udongo na zina miteremko, na wakati wa masika, kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, gari dogo hukwama pale chini kabisa ambapo hakuna pa kugeuzia.

Kutoka barabara kuu unakata Kombani kupanda Kwale. Mjini Kwale vibanda huwa vimefunguliwa baada ya swala ya alfajiri: mahamri, mbaazi za nazi, chai ya tangawizi. Kula hapo vizuri, maana hutakula tena hadi saa 7 mchana. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, si kwa pesa taslimu mlangoni. Lipa usiku ukiwa bado Nairobi, uhifadhi risiti kwenye simu, kwa sababu kuanza kutafuta mtandao getini ni kupoteza ile saa ya kwanza iliyo bora kuliko zote.

Shimba Hills ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na ndiyo mahali pekee nchini Kenya palipobaki na palahala. Ndiye mnyama wa kukuleta hapa. Dume ni mweusi tii, tumbo jeupe, pembe ndefu zimepinda kuelekea mgongoni. Jike ana rangi ya kahawia iliyoiva. Watafute kwenye nyasi za wazi juu ya vilima kabla ya saa 3 asubuhi. Jua likipanda wanajitenga kwenye kivuli cha msitu, na hapo dereva atakuzungusha bure. Ndovu wapo wengi, lakini msitu ni mnene. Mara nyingi utaona kinyesi kinachofuka mvuke na matawi yaliyovunjwa, na mwenyewe asionekane. Aliyezoea Amboseli atanung'unika. Kwetu msitu wenyewe ni sehemu ya malipo: hewa baridi, ukungu wa asubuhi, na bahari inayoonekana kwa mbali ukisimama sehemu za juu.

Usivae nguo za buluu iliyokoza wala nyeusi. Hifadhi ina mbung'o, na rangi hizo huwavuta. Wanauma kupitia shati. Kahawia na kijani kibichi ndizo salama, na vioo vifungwe gari likipita vichakani.

Maporomoko ya Sheldrick, yenye kimo cha zaidi ya meta 20, yanafikiwa kwa miguu ukisindikizwa na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mwenye bunduki. Watu hukosea hesabu hapa. Kuteremka ni rahisi; kupanda kurudi ndiko kunakokula muda, na kwa joto la Kwale mtu asiyefanya mazoezi hupumzika mara nne. Tenga saa 2 nzima kwa kwenda, kuoga na kurudi. Kama hutakuwa umeanza kuteremka kufikia saa 3 na nusu, yaache. Hayana thamani ya kukukosesha maji ya Gazi.

Kutoka Kwale unashuka tena, unapita Ukunda, unaelekea upande wa Msambweni, halafu unakata kushoto kuingia kijijini. Gazi ni kijiji cha Waislamu chenye heshima zake. Kaptura fupi na mabega wazi viishie garini. Chakula cha mchana hupikwa na akina mama wa kijijini, wale wale wanaoendesha njia ya mbao ya mikokoni, na lazima kiagizwe angalau siku moja kabla. Samaki hununuliwa kwa idadi ya wageni na nazi hukunwa asubuhi, kwa hiyo ukitokea tu na njaa yako na watu sita utapewa chai na udhuru. Ukiwa umeagiza, wali wa nazi na samaki wa kupaka wa hapa unatosha kukufanya usahau kiti cha treni.

Njia yenyewe ni ya mbao, imeinuliwa juu ya tope, imepita katikati ya msitu. Ni fupi kuliko watu wanavyotazamia, na wanaoipita mbiombio wakipiga picha humaliza upesi na kuuliza kama kuna kingine. Nenda na mwongozaji wa kikundi, usiende peke yako. Kenya ina aina 9 za mikoko na kila moja ina jina na kazi yake. Mkoko wenyewe ndio wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mlilana hukaa upande wa baharini, mizizi yake ya hewa ikichomoza matopeni kama vigingi. Muia una mizizi iliyokunjwa kama goti. Mchu ndio wa kuonja: chuma jani, lilambe upande wa chini, utasikia chumvi, kwa sababu mti huo hutoa chumvi ya bahari kupitia majani. Kisha tazama mbegu ya mkoko, ile ndefu ya kijani kama mkuki. Huwa imeshaota ikiwa bado juu ya mti, ndiyo maana ikidondoka wakati wa maji kupwa hujichoma kwenye tope na kuanza maisha pale pale. Kwenye tope lenyewe, simama kimya dakika 3. Kaa waliojificha watatoka wote, kila dume akipunga gando moja kubwa kuliko mwili wake. Ukitikisa ubao mmoja tu, wanapotea tena.

Boriti zilizojenga nyumba za kale za mawe za Waswahili zilitoka kwenye miti hii, na wembamba wa vyumba vya nyumba hizo ulifuata urefu wa boriti. Ghuba ya Gazi yenyewe ilikatwa vibaya miaka ya 1970, miti ikawa kuni za viwanda. Unachokiona sasa sehemu kadhaa kilipandwa upya kwa mkono kuanzia miaka ya 1990, wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, wakishirikiana na wanakijiji. Mradi wa Mikoko Pamoja, unaohifadhi hekta 117, huuza hati za hewa ya ukaa inayofyonzwa na msitu kwa wanaotaka kufidia uchafuzi wao, na mapato huingia kwenye maji, shule na upandaji zaidi; mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mwombe mwongozaji akuonyeshe mahali ambapo miti iliyopandwa inakutana na ile ya zamani. Iliyopandwa imesimama kwa mistari, na ukishaijua huwezi tena kuukosea mpaka huo.

Vaa raba zenye kamba. Ndala huvutwa na tope na hubaki humo. Kanyaga pale penye mstari wa misumari, maana chini yake pana mhimili. Mbao za chumvini huchoka katikati kwanza. Chupa za plastiki za kutupwa haziruhusiwi Shimba Hills wala mikokoni, marufuku iliyoanza Juni 2020, kwa hiyo beba chupa ya chuma ya lita moja na nusu na uijaze Ukunda. Dawa ya mbu ipakwe saa 10 alasiri, si jua likishatua.

Ondoka Gazi saa 11 na nusu jioni, hata kama maji bado yanapanda na kila mtu anaomba dakika kumi zaidi. Kwa Dongo Kundu unafika Miritini mapema kabla ya treni, una nafasi ya kunawa miguu chooni kituoni na kubadili soksi kabla ya ukaguzi. Ikitokea treni imekuacha, mabasi ya usiku ya Nairobi hukatiwa tiketi Mwembe Tayari. Mwambie dereva akupeleke huko moja kwa moja, usipoteze muda kubishana getini. Na gari la kukutoa Syokimau alfajiri ya Jumapili liagizwe tangu Ijumaa.