Sanduku la hifadhi lenye poti nne za gigabiti 10: nyota tatu, na sababu zake

Nimelitumia sanduku hili la kuhifadhia data za seva kupitia mtandao miezi minane sasa, kazi yake kubwa ikiwa bekapu za usiku na diski za mashine pepe. Halina kelele, na diski ikifa unaibadilisha bila kuzima chochote. Nyota mbili nimezikata kwa jambo moja tu: namna linavyogawa trafiki kwenye zile poti nne.

Kwenye boksi wameandika gigabiti 40. Nikazifunga laini zote nne za kwenda kwenye swichi pamoja kwa LACP, itifaki ya kuzifanya laini kadhaa zifanye kazi kama moja, taa zikawaka kijani. Usiku wa kwanza wa bekapu nikafungua kaunta za poti, zile zinazohesabu data inayopita: laini moja imejaa pomoni, tatu zimelala. Nikabadilisha kebo. Nikahamisha poti. Mzigo ukahama laini, basi.

Hapo nilipoteza siku mbili nzima. Laini zilizofungwa pamoja hazigawiwi pakiti moja moja kama karata. Kifaa kinachukua anwani zilizo kwenye pakiti, kinazipigia hesabu, na jibu ndilo linalochagua laini. Mazungumzo yakishapangiwa laini hayahami, ili pakiti zifike kwa mfuatano. Sasa seva zangu tisa ziko kwenye subneti nyingine (kipande kingine cha mtandao), kila kitu kinapitia ruta, na swichi ilikuwa inapiga hesabu kwa anwani za MAC peke yake, yaani anwani za kadi za mtandao. Ikitazama, seva zote tisa zina MAC moja, ile ya ruta. Jibu lingetoka wapi zaidi ya moja? Nikaiwekea itumie anwani za IP na namba za poti za TCP (namba zinazotofautisha miunganisho, si matundu ya kebo), na uandishi, yaani data inayoingia kwenye sanduku, ukatawanyika usiku ule ule.

Usomaji haukusogea hata kidogo. Hili ndilo watu wengi hawaambiwi: kila upande huchagua laini kwa ajili ya kile unachotuma wenyewe. Swichi huamua data inayoingia kwenye sanduku, sanduku huamua inayotoka. Nimepekua mipangilio ya sanduku mpaka ukurasa wa ndani kabisa ndipo nikakuta nalo linatumia MAC. Lina chaguo la pili, MAC pamoja na IP. Nilipolichagua, usomaji nao ukatawanyika, ingawa seva mbili nzito ziliangukia laini moja. Nikaibadilishia moja IP zikaachana.

Chaguo la tatu, la namba za poti, halipo. Hilo ndilo linaloniuma. Linux ina nconnect tangu kernel 5.3 ya mwaka 2019: seva moja inafungua miunganisho kadhaa ya NFS, itifaki ya kushiriki mafaili kwenye mtandao, badala ya mmoja. Nikaweka nconnect=4. Kuandika, miunganisho ilipata laini tatu. Kusoma, yote minne ikarudi kwenye laini moja, maana IP ni zile zile na sanduku halitazami kingine. Seva yako ikiwa moja, kusoma kwako kunagota kwenye gigabiti 10, hata ungekuwa na laini nane. Niliwaandikia watengenezaji nikiwaambatanishia kaunta. Wakanijibu nizifungue laini nizifunge upya.

Kwa iSCSI, njia ya kuipa seva diski kupitia mtandao, nimeacha kabisa kubishana nalo. Nimetoa poti mbili kwenye lile fungu, kila moja nikaipa subneti yake na kikao chake, halafu multipath kwenye seva, programu ya kuifikia diski moja kwa njia kadhaa, ikagawa kazi. Kaunta za poti hizo mbili zinapanda sambamba tangu siku hiyo. Ningeanza hivyo tangu mwanzo.

Kama una wateja wengi, kila mmoja na mzigo mdogo, linunue, litakufaa sana. Kama una seva moja kubwa inayosoma kwa NFS, kabla hujalipa muulize muuzaji swali hili kwa maneno haya: je, sanduku linaweza kuchagua laini kwa namba za poti za TCP? Famwea (programu ya ndani ya sanduku) mpya ikija na chaguo hilo, nitarudi hapa niongeze nyota.